Kiatu cha Pili cha Meya

Mimi sipendi kuambiwa "tutakurudia". Mtu akikwambia tutakurudia, jua amekwisha kukusahau nawe ungali mbele ya macho yake. Na mimi niliambiwa neno hilo hadharani, katika ukumbi wa shule hapa Ukunda, na kijana ambaye ningeweza kumzaa nikabaki na nguvu za kuwazaa wenzake.

Kikao kilikuwa cha Meya. Najua, siku hizi hakuna meya, kuna mwenyekiti wa bodi ya manispaa. Lakini sisi tukilizoea neno hatuliachi, na Sufyan Matano mwenyewe ukimwita Meya hakasiriki, hujiweka sawa kwenye kiti. Siku ile alikuja kutuonyesha mpango wa mji. Ramani ilimulikwa ukutani, rangi tele: barabara pana, njia za baiskeli, steji mpya ya tuktuk, na mahali pa watu kupunga hewa pamepakwa rangi ya kijani. Nikaitazama ile kijani, nikahesabu vichochoro kwa kidole, na damu ikanipanda. Ile bustani ilikuwa nyuma ya nyumba yangu. Pale ndipo taka za nusu ya mji zinapotupwa, na kila alasiri zinatiwa moto.

Nikanyoosha mkono. Kijana wa Meya, Quincy, aliyeletwa kutoka bara kuja kumpangia mikutano, akanipa kipaza sauti akinichekea.

"Jina langu Khamisa, wa mtaa wa Mwangojo," nikasema. "Mume wangu Makame hulala ameketi. Ana pumu. Akilala chali, moshi wa hiyo bustani yenu unamkaba. Nataka kujua—"

"Mathe, asante sana," Quincy akasema, na kipaza sauti kikatoka mkononi mwangu sijui vipi. "Time imeisha, lakini hiyo ni point poa. Tutakurudia."

Watu wakapiga makofi, tukapewa soda, tukaenda zetu.

Nataka mnielewe. Mimi si mtu wa kupenda vikao. Lakini wiki ile daktari wa Msambweni alikuwa ametuambia bila kuzunguka: dawa anazotumia Makame ni nzuri, ila hazishindani na moshi. Ama moshi uondoke, ama mgonjwa aondoke. Na binti yetu Muhsina, aliyeolewa Kinango, alikuwa amekwisha kumfagilia babake chumba. Kinango maji ni ya shida lakini hewa ni ya Mungu. Kumfuata nisingeweza: mama yangu yuko nyumba ya pili, hatoki kitandani, na zaidi yangu hana mtu. Kwa hiyo hesabu ilikuwa hiyo. Moshi ukibaki, mimi na mume wangu tunaachanishwa uzeeni, bila talaka wala ugomvi. Makame alikuwa amekwisha kukunja nguo zake kwenye mkoba. Tulikubaliana asubiri Idi ya kuchinja ipite.

Basi Mungu si Athumani. Kabla ya Idi shangazi yake Meya akafariki kule Tiwi, Mola amrehemu, na sisi tukaitwa matangani.

Tuliitwa kwa sababu sisi ni watani. Kwetu Wadigo mbari na mbari huwa na utani tangu mababu, na mbari yangu na ya kina Matano ndivyo tulivyo. Wakifiwa, tunakwenda kuwachokoza hadi wacheke na machozi yao usoni. Mtani ana haki ya kusema lolote. Ana haki hata ya kushika mali yako pale pale matangani akaizuia, nawe huruhusiwi kununa. Unaikomboa. Ukinuna, umejiaibisha wewe na wazee wako waliolala kaburini. Maalim wetu hayapendi sana mambo haya, lakini naye akiyaona huwa ana tasbihi ya kuitazama.

Nikafika Tiwi, nikaingia ndani kwa wanawake, nikalia na waliolia. Kisha nikatoka nje kupata hewa, na pale pembeni ya turubai la wanaume nikaviona. Viatu vya ngozi, vyeusi, vinang'aa hata ungejitazama ukajipaka wanja, vimewekwa kando ya makubadhi na malapa ya watu wengine. Na Meya mwenyewe amekaa mkekani na kanzu, miguu mitupu, anakula ubwabwa.

Wallahi sikuwa nimepanga. Mkono ulikwenda wenyewe. Nikavichukua viatu, nikavitia kwapani, nikasimama mbele ya mkeka.

"Makiwa, Meya."

"Tunayo, Bi Khamisa. Shikamoo." Kisha akaona kwapa langu, na tonge likasimama njiani.

Wa kwanza kuruka alikuwa Quincy. "Mathe, hizo ni shoes za boss. Rudisha tafadhali." Nami namwangalia tu. Akamgeukia askari wa Meya, jina lake Jacktone, mtu mrefu mwenye haya. "Jacktone, mbona umesimama tu? Huyu mama anaiba." Jacktone naye, maskini, akanishika kiwiko taratibu kama anayenivusha barabara, akaniambia, "Mama, twende tuongee kando."

Turubai zima likacheka. Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa na mchuzi. Meya akainua mkono. "Mwache, Jacktone. Huyo si mwizi, ni mtani wangu. Ni afadhali angekuwa mwizi."

Akapapasa mfuko wa kanzu, kama ilivyo desturi.

"Rudisha mkono wako," nikamwambia. "Pesa zako sizitaki. Mimi uliniahidi kwamba utanirudia. Nimeona una kazi nyingi, nimekurudia mwenyewe. Viatu hivi unavikomboa kwa majibu."

"Matangani, Bi Khamisa?"

"Unataka tukutane wapi? Ukumbini kipaza sauti kina mwenyewe. Hapa nina sauti yangu."

Watu wakasogea. Hata wanawake walitoka mlangoni, na mimi nikajua kwamba siku ile nikikosea neno nitasemwa hadi mwezi mwingine uandame. Nikamuuliza la kwanza.

"Ile bustani yako ya kijani, unajua panachomwa nini kila alasiri?"

"Najua," akasema. "Taka."

"Basi kwa nini? Lori la taka tunaliona kila siku linapita barabara kubwa. Kwa nini haliji kwetu, taka zikachukuliwa kama za watu wengine?"

"Swali la pili?"

"Jibu la kwanza halijatoka."

"Nitayajibu pamoja. Uliza."

"La pili. Tuktuk mmezileta mdomoni mwa mtaa wetu. Mlisema ni kwa muda. Zinakesha kunguruma, moshi wa mbele ni wa tuktuk, moshi wa nyuma ni wa taka, sisi tuko katikati tunakaushwa kama samaki wa ng'onda. Zitaondoka lini? Na la tatu. Katika ramani yako mtaa wa Mwangojo una barabara pana nzuri. Mimi naishi pale tangu nimeolewa, sijawahi kuiona. Iko wapi?"

Nikamwona Sufyan ananawa mikono polepole kwenye bakuli, na nikajisifu moyoni kwamba nimemweza. Ee, binadamu hujisifu mapema.

"Bi Khamisa," akasema, "yote matatu ni moja. Barabara ile ipo. Ilipimwa zamani, kabla wewe na mimi hatujapata akili. Lori linakuja hadi mdomoni kwenu, halipiti, linageuza. Kwa kuwa halipiti, vijana wanatupa taka nyuma na kuchoma. Na steji mpya ya tuktuk ni upande wa pili wa mtaa, imekwisha kutengwa, ila njia ya kuifikia ni hiyo hiyo isiyopitika. Barabara imeliwa."

"Imeliwa na nani? Wataje. Wewe ndiye mkubwa, unaogopa nini?"

"Nisiwataje."

"Wataje, Sufyan. Ama utakwenda zako miguu mitupu."

Akanitazama, na nikaona jicho la mtani linacheka. "Mlaji wa kwanza ni wewe. Kibaraza chako kimekaa ndani ya barabara chote, hadi mwisho wa miguu yako ukinyoosha."

Mnajua kicheko cha matangani? Hakina huruma. Nilitamani nizikwe na shangazi yake.

Kibaraza kile Makame alikijenga mwenyewe mwaka tuliooana. Alikuwa mpishi wa hoteli kule Diani, na kila akipata siku ya mapumziko alikuja na mawe na chokaa, akajenga, akalainisha kwa kiganja. Pale ndipo ninapouzia mbaazi na mahamri asubuhi. Muhsina alitembea mara ya kwanza akikishikilia. Na wala hakuna aliyetuambia kwamba pale ni barabara. Alianza mtu mmoja kabla yetu, nasi tukafuata ukuta wake. Nilimwambia Meya hivyo.

"Najua hamkuambiwa," akasema, na sasa hakuwa akicheka. "Hiyo ni lawama yetu, si yenu. Tulipaswa kuja na kamba na vigingi, tukaja na ramani ya rangi. Ningewatumia watu barua ya kubomoa, wangeenda mahakamani, na mumeo angekuwa amelala ameketi miaka mingine. Sikujua nianzie wapi. Sasa umeniuliza mwenyewe. Nirudishie viatu."

"Nikikivunja kibaraza," nikasema, "lori litapita?"

"Kivunjwe chako na vya wenzako, lori litapita."

"Basi nitakurudishia kimoja siku nitakayoliona lori, na kimoja siku tuktuk zitakapohama. Leo hukukomboa kitu, umenipa kazi tu."

Wazee wakasema hiyo ni haki. Meya wa manispaa akaondoka Tiwi amevaa malapa ya kuazima, moja jekundu na moja la buluu.

Nilirudi nyumbani nikiwaza nitamwambiaje Makame. Huo ulikuwa upuuzi, maana habari ilifika na bodaboda kabla yangu. Nilimkuta amekaa pale pale kibarazani, amejifunika mdomo kwa leso, moshi wa alasiri umeanza.

"Kwa hiyo nimekalia barabara," akasema.

"Ndivyo anavyosema yule mshenzi."

"Si mshenzi. Umemvua viatu mwenyewe." Akakipapasa kibaraza kwa kiganja. Niliogopa kumuuliza atafanya nini. Nilifikiri moyoni, huyu atachagua Kinango. Mtu mzima kuvunja kazi ya mikono yake ya ujanani si mchezo. Nilikasirika hata kabla ya kumuuliza, nikaingia jikoni nikabamiza sufuria zisizo na kosa.

Asubuhi nimeamka kupika mbaazi, nasikia ko, ko, ko. Nikatoka. Makame ameinamia kibaraza na nyundo, kila pigo anapumzika, kifua kinapiga filimbi. Vumbi la chokaa linamjaa puani, mgonjwa wa pumu.

"Unataka kunifia barabarani?"

"Nilijenga mwenyewe," akasema, "sitaki kije kuvunjwa na mtu asiyekijua."

Nikampokonya nyundo. Nikamkalisha upande wa upepo na kikombe cha chai ya tangawizi, nikapiga mimi. Yeye ananielekeza: hapo gumu, anzia kwenye kona. Nilivunja nikilia na kutukana, sijui nikimtukana nani. Wateja wa mbaazi walisimama na vikombe vyao, hakuna aliyethubutu kuuliza kama ziko tayari.

Jirani yangu Monicah, aliyetoka Machakos, ana saluni ya nywele na roshani ya mabati iliyotoka mbele. Alinitazama weee, kisha akasema, "Mama Muhsina, na mimi pia ni barabara?"

"Wewe ni barabara kabisa."

Akaita fundi wake. Mzee Thoya akang'oa ua wake wa makuti. Mbwana mwenye duka la vifaa alisema ukuta wake wa mawe hautoki bila karatasi, na mpaka leo haujatoka, ila upande wa pili ulivyofunguka ukuta ule ukabaki kama jino moja kinywani. Gari likibana linapita. Wapimaji wa Meya walikuja na vigingi na kamba, safari hii wakaanza kwa shikamoo.

Sasa njia ipo, na lori halionekani. Siku zinakwenda, Idi imekaribia, mkoba wa Makame bado uko nyuma ya mlango. Nikasema hapana, kuchezewa nimekataa. Nikatwaa kamba, nikavifunga viatu vya Meya juu ya mlingoti pale steji ya tuktuk, kila anayepita aone. Wenye tuktuk wakafurahi kama wamepata televisheni. Abiria akiuliza, anaelezwa. Ikafika mahali watu wanasema, nishushe pale viatuni.

Quincy alikuja jioni moja, amenyong'onyea. Safari hii alianza vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekuja kuomba viatu. Boss anachekwa hadi kwa mikutano ya Mombasa."

"Mwambie achekwe na lori."

"Lori lilikuwa limeharibika, mama. Limetengenezwa. Linaanza kesho, nakuapia." Akasimama pale anazungusha ufunguo wa pikipiki kidoleni. "Na ile siku ukumbini, pole. Niliambiwa nisimamie saa tu. Sikujua mzee wako ni mgonjwa hivyo."

"Hukusubiri kujua." Lakini nilimkalisha, nikampa mahamri. Mtoto wa watu, yuko mbali na mamake.

Na kweli, kesho yake lori lilikuja. Lilipita polepole, likaupapasa ukuta wa Mbwana, likapita juu ya pale palipokuwa kibaraza changu. Nilisimama mlangoni. Nitasema kweli, roho iliniuma na ikafurahi kwa wakati mmoja, na sijui ipi ilitangulia. Lilirudi limejaa, na vijana waliozoea kuchoma wakabaki na viberiti vyao mfukoni. Nikamwita mwendesha tuktuk mmoja apande mlingotini, akanishushia kiatu kimoja, nikakifuta vumbi, nikampa Quincy. Cha kushoto. Cha kulia nikakiacha juu.

Ijumaa iliyofuata nilitoka kumlisha mama yangu baada ya sala, nikaingia chumbani kutafuta kanga kavu. Makame alikuwa kitandani. Hakuwa ameegemea ukuta. Alikuwa amelala chali, amenyooka, mikono kifuani, mdomo umefumba. Na ile filimbi niliyoisikia miaka yote, niliyokuwa nikiisikia hata nikiwa jikoni, haikuwepo.

Nilijua amekwenda. Nilimrukia, nikamtikisa mabega kwa nguvu zangu zote, nikimwita kwa jina lake na la babake.

Akafumbua jicho moja. "Wewe mwanamke una nini? Si nimelala."

"Umelala vipi?"

"Kama watu wanavyolala." Akapumua, ndani, nje, kimyakimya, kama anayenionyesha kitu alichonunua. "Kumbe kulala chali ni raha hivi. Nilikuwa nimesahau."

Nikakaa sakafuni, nikalia. Sikulia kidogo. Makame akaninyooshea upindo wa shuka nijifute, akangoja nimalize, kisha akasema nimfungulie mkoba, nguo zitashika mikunjo. Nikazitoa moja moja nikazitundika. Nikampigia simu Muhsina, nikamwambia kile chumba akiweke cha wageni, sisi tutakuja Idi, tule, turudi.

Kutoka dirishani nilikuwa nakiona kiatu cha kulia kinaning'inia juu ya tuktuk. Steji mpya wameanza kuimwagia changarawe. Meya kanitumia salamu kwamba mguu mmoja unapata baridi.